Jino Lililohukumiwa na Jino Lililosahauliwa

Wazee wetu wa Uluguru walikuwa na desturi ya kumchungulia mtoto mchanga mdomoni. Walitaka kujua jino la kwanza litachomoza wapi, chini au juu. Likichomoza chini, mtoto alikuwa mtu kama watu wengine. Likichomoza juu, mtoto huyo alikuwa kigego.

Vijana wengi wa leo hawalijui neno hilo, au wanalijua kwa maana ya mtu mwenye nuksi, basi. Lakini kwa Waluguru, kama kwa majirani zetu Wazaramo na Wakaguru, kigego alikuwa mtoto aliyeaminika kuwaletea jamaa zake magonjwa na vifo. Mwingereza Richard Burton, aliyepita Uzaramo na Ukutu, chini ya milima yetu, mwaka 1857 akielekea Ziwa Tanganyika, alieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1860 kwamba kwa Wazaramo mtoto wa namna hiyo aliuawa, au alitolewa kwa watu wengine, au aliuzwa kwa wafanyabiashara ya watumwa. Mimi niliyezaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 sikuiona desturi hiyo ikitendwa. Nililikuta neno lenyewe, na niliikuta hofu yake. Bibi zetu walipolitamka walishusha sauti.

Leo kila mtu anajua kwamba jino la juu likitangulia halimdhuru mtoto wala jamaa zake. Ni tofauti ndogo ya ukuaji, kama vile mtoto mmoja anavyotembea mapema na mwenzake akachelewa. Jino lile halikuwa na hatia yoyote, na mtoto mwenyewe zaidi.

Nimeanza na kigego ingawa nia yangu ni kuandika juu ya jino jingine kabisa, jino la mwisho badala ya la kwanza. Nikiitazama historia yetu naona kwamba tumekuwa hodari wa kuyahukumu meno yasiyo na kosa, na wazito wa kulitambua lile moja ambalo kweli huweza kumuua mtu. Jino hilo ni gego la mwisho la taya la chini.

Mtu mzima mwenye meno kamili ana thelathini na mawili, na manne kati ya hayo ni magego ya mwisho, moja kila pembe. Haya huota baada ya mengine yote, kwa kawaida kati ya miaka kumi na saba na ishirini na mitano. Kwa sababu hiyo Waarabu huliita gego la akili, na Waingereza na Wajerumani huliita jino la hekima, kwa kuwa humjia mtu anapoanza kuitwa mtu mzima. Mimi nimeishi sehemu kubwa ya maisha yangu katika chuo cha ualimu, na naweza kusema kwamba hakuna mahali pazuri zaidi pa kulijua jino hili. Wanachuo hutujia wakiwa katika umri huohuo. Kila mwaka, bila kukosa, alikuwapo kijana aliyekaa nyuma ya darasa ameshika shavu, na ukimwuliza atakwambia ni kichwa, au sikio, au mafindofindo. Mara chache alitaja jino, kwa sababu jino lenyewe halikuonekana.

Tatizo ni nafasi. Gego la mwisho hufika wakati wenzake wameshakaa. Likikuta taya ni fupi, halina pa kutokea. Hulala kwa ubavu, au huinama mbele likaegemea gego la pili, au hutoa kona moja tu nje ya ufizi na kubaki limekwama hivyo maisha yote. Utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba miongoni mwa meno yaliyokwama, magego ya mwisho ya taya la chini ndiyo mengi kuliko yote, na aghalabu huwa yameinama mbele.

Kwa nini taya likawa fupi? Hapa nchi yetu ina ushahidi ambao mataifa mengine wanautamani. Tarehe 17 Julai 1959, katika bonde la Olduvai, Mary Leakey aliona mifupa ikichungulia ardhini, akafukua fuvu lililoitwa Zinjanthropus, lenye umri wa miaka ipatayo milioni moja na robo tatu. Magego yake yalikuwa makubwa mno kuliko yetu. Alikuwa bado kijana, kwa maana magego yake ya mwisho yalikuwa yanamalizia kuota alipofariki. Mwaka 1964 Kamoya Kimeu, Mkenya mwenye jicho kali la kutafuta mifupa, akapata Peninj, karibu na Ziwa Natron, taya la chini la kiumbe wa jamii hiyohiyo, na meno yake yamo. Viumbe hao hawakuwa babu zetu wa moja kwa moja, lakini wanatuonyesha jinsi taya lililofanya kazi ngumu lilivyokuwa: refu, nene, na lenye nafasi ya kutosha kwa jino la mwisho.

Ukoo wetu sisi ulifuata njia nyingine. Tulijifunza kukata kwa mawe, kuchoma na kupika kwa moto, na baadaye kulima, kutwanga na kusaga. Kila hatua ililipunguzia taya kazi yake. Mfupa wa taya hukua kwa kutumika, hasa utotoni, na taya lisilotafuna vitu vigumu huwa halifikii urefu ambao lingeweza kuufikia. Tena, watu wa kale walipotafuna vyakula vigumu vyenye mchanga, meno yao yalisagika hata ubavuni, yakasogea mbele kidogo kidogo, na nafasi ikapatikana nyuma. Wataalamu waliolinganisha vijana wa mjini na wa mashambani kusini magharibi mwa Nigeria, na kutoa habari zao mwaka 2000, waliona kwamba meno kukwama yalikuwa mengi zaidi mjini. Sisemi kwamba chakula ndicho sababu pekee, maana kurithi nako kumo. Mtoto huweza kupata meno makubwa ya baba na taya dogo la mama.

Nikikumbuka vyakula vya utoto wetu milimani, naelewa maneno hayo bila kuhitaji mwalimu. Tulitafuna miwa kwa meno, tukabangua mahindi makavu ya kuchoma, tukala muhogo mbichi tukitoka shambani. Unga ulitoka kinuni, nao haukuwa laini. Siku hizi mtoto wa Morogoro mjini huanza na uji wa unga laini, akaendelea na mkate, maandazi na ugali wa sembe, na muwa huuziwa umeshamenywa na kukatwa vipande, au umeshakamuliwa akanywa maji yake. Sililii mambo ya kale, kwa sababu kinu kilichosha migongo ya mama zetu na mashine iliwapumzisha. Lakini kila nafuu ina gharama yake, na sehemu ya gharama hii imelipwa na taya.

Sasa, jino likikwama lina ubaya gani? Wengi wanaishi nalo hadi kufa pasipo kujua. Hatari huja hasa kwa lile lililochomoza nusu. Kipande cha ufizi hubaki kimelifunika kama kifuniko cha chungu, na chini yake huingia mabaki ya chakula na vijidudu mahali ambapo mswaki haufiki. Ufizi huvimba, gego la juu huuponda kila mtu anapouma, na usaha hutunga. Misuli ya kutafunia iliyo jirani hukaza, na mdomo hukataa kufunguka. Pengine gego la pili, ambalo halina kosa, huozeshwa nyuma na jirani yake aliyeliegemea. Pengine, polepole, mfuko wa maji au uvimbe mwingine hukua ndani ya mfupa, na mtu huja kugundua shavu limeshapinda.

Lakini la kutisha zaidi ni usaha kushuka. Ndani ya taya la chini kuna msuli mpana unaofanya sakafu ya kinywa. Mizizi ya meno ya mbele iko juu ya mahali msuli huo ulipojishikiza, kwa hiyo usaha wake hutokea mdomoni na mtu hupata nafuu. Mizizi ya magego ya nyuma hushuka chini ya msuli huo. Usaha wake hauingii kinywani, huteremkia shingoni. Mwaka 1836 daktari wa Ujerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliueleza ugonjwa huo: uvimbe mgumu kama ubao chini ya kidevu, ulimi umeinuliwa juu, mgonjwa hamezi, kisha hapumui. Hata leo ugonjwa huo una jina lake. Kabla ya dawa za kuua vijidudu, zaidi ya nusu ya walioupata walikufa, na walikufa kwa kukosa pumzi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika chuo nilichokuwa nikifundisha, alikuwapo mwanachuo wa miaka ishirini na mmoja kutoka vijiji vya juu. Alianza kuvimba shavu. Wenzake bwenini wakasema matubwitubwi. Katika zahanati moja akaambiwa vilevile matubwitubwi, akapewa vidonge vya maumivu akarudi. Siku ya tano hakuweza kufungua mdomo hata kijiko kipite, na wenzake wakaanza kunong'ona pepopunda. Mjomba wake akateremka kutoka mlimani. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba ni zito kuliko la baba. Akasema kijana amefungwa taya na watu waliomwonea wivu kupata nafasi ya chuo, na kwamba amekuja kumchukua ampeleke kwa mganga.

Muuguzi wa chuo, mama mmoja mpole wa sauti lakini si mwepesi wa kuyumbishwa, aliwasha tochi akamtazama kijana chini ya kidevu, akambonyeza kidogo. Kisha akamgeukia mzee.

"Mjomba, huyu atapelekwa hospitali usiku huu huu. Akishapona, mrudi mlimani mumtafute huyo aliyemfunga."

Mzee alikaa kimya kitambo. Akauliza, "Na kama hatapona?"

"Basi utanidai mimi."

Wakampakia katika gari la chuo. Daktari alipasua chini ya taya usaha ukatoka mwingi, wakamtundikia maji na penisilini, na baada ya uvimbe kutulia wakaling'oa lile jino. Lilikuwa limelala limeegemea mwenzake, sehemu yake kubwa imefichika. Kijana alipoteza mwaka mmoja wa masomo. Alimaliza, akafundisha, na kovu lilibaki chini ya kidevu chake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa huyu kilikuwa ndani zaidi ya nguo, na watu wote walikuwa wanakitafuta nje, kwa jirani.

Katika miaka hiyohiyo zilienea nchini habari za meno ya plastiki, ambayo wengine waliyaita meno ya nailoni. Ilisemekana kwamba mtoto mchanga akipata homa na kuharisha asipone, basi ndani ya ufizi wake yameota meno mabaya, laini na meupe kama plastiki, na yasipotolewa atakufa. Waganga wakawa wanapasua ufizi wa vichanga kwa visu, misumari na spoku za baiskeli, bila ganzi, wakatoa kitu cheupe wakamwonyesha mama. Kitu hicho kilikuwa mbegu ya chonge ya mtoto, jino zima kabisa lililokuwa linasubiri siku zake. Mtoto aliyeishiwa maji kwa kuharisha hukonda uso na ufizi, na vivimbe vya chonge ambavyo kila kichanga anavyo huonekana wazi kuliko kawaida. Ndipo kitu kilichokuwapo siku zote kikafanywa chanzo cha ugonjwa.

Desturi hiyo haikuwa ya Tanzania peke yake. Jens Pindborg, mtaalamu wa meno wa Denmark, aliandika habari za namna hiyo kutoka Uganda mwaka 1969, na mwanaanthropolojia Brad Weiss aliandika mwaka 1992 jinsi Wahaya wa Kagera walivyoyaelewa meno ya plastiki. Nasi Morogoro tulizisikia habari hizo, tukaona na matokeo yake. Kuna vichanga waliotokwa damu hadi wakafa, kuna waliopata pepopunda, na waliopona wengine walikua wakiwa na pengo au chonge iliyopinda, kwa kuwa mbegu ya jino la ukubwani nayo iliharibiwa. Wakati huo dawa iliyowafaa wengi wao ilikuwa maji safi yaliyotiwa chumvi na sukari kwa kipimo, na malaria yao kutibiwa.

Naomba msomaji asidhani kwamba haya ni makosa ya watu wasiosoma. Katika mji wa Trenton, Marekani, Dakta Henry Cotton aliiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili tangu mwaka 1907. Aliamini kwamba wazimu hutokana na usaha uliojificha mwilini, akaanza na meno. Akawang'oa wagonjwa meno mengi, mara nyingi yote, na wasipopona akaendelea na mafindofindo, kisha matumbo. Mamia walikufa kwa upasuaji huo. Alikuwa msomi, na wasomi wenzake wengi walimsifu. Na hata katika gego la mwisho lenyewe watu waliwahi kuvuka mpaka. Huko Uingereza ilikuwa kawaida kung'oa magego yaliyokwama hata yasipouma, hadi mwaka 2000 chombo cha serikali kinachopima matibabu kilipoelekeza kwamba jino lililokwama lisilo na ugonjwa liachwe, kwa sababu kung'oa nako kuna madhara yake. Mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini hupita karibu sana na mizizi ya gego hilo, na ukiguswa mtu huweza kubaki na ganzi mdomoni.

Kwa hiyo silaumu mganga wala msomi. Ninachokiona katika visa hivi vyote ni kosa la aina moja. Watu wamepatwa na msiba wasioelewa sababu yake, wanatafuta kitu kinachoonekana, wanakihukumu. Jino la juu la kigego lilionekana. Mbegu ya chonge ilionekana. Gego la mwisho halikuonekana, na mwenye kuugua kwa ajili yake akasemwa amerogwa.

Kilichobadilisha mambo ni njia ya kuona. Röntgen aligundua miali ya eksirei mwezi Novemba 1895, na Januari iliyofuata Otto Walkhoff wa Ujerumani akapiga picha ya meno yake mwenyewe, akikaa bila kutikisika kwa dakika ishirini na tano. Tangu hapo jino lililolala mfupani likaweza kujulikana kabla ya kisu. Ganzi ya sindano ilikuwa imeanza kutumika katika taya tangu mwaka 1884, na penisilini ikaja kutumika kwa watu katika miaka ya 1940. Hapa kwetu, mafunzo ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili mwaka 1979. Kabla ya hapo Mtanzania aliyetaka kuwa daktari wa meno alisomea nchi za nje. Nikifikiri kwamba yule mwanachuo wetu aliugua miaka michache tu baada ya hapo, naona jinsi elimu hii ilivyo changa katika nchi yetu.

Elimu ipo, lakini mlima nao upo. Mtu wa Kolero au Bunduki anayeumwa jino hulipima jino lake kwa nauli, kwa siku za kazi atakazopoteza, na kwa mvua iliyoharibu njia. Husubiri. Hutia karafuu, husukutua, humeza vidonge, na uvimbe ukipungua husahau. Ndiyo maana nawaomba walimu, ambao wako kila kijiji hata pale ambapo daktari hayupo, walijue jino hili. Kijana wa miaka kumi na saba hadi ishirini na mitano anayelalamika sikio au koo upande mmoja mara kwa mara, atazamwe nyuma ya gego la pili. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi humsaidia kwa siku mbili tatu, lakini si tiba ya jino lenyewe, na apelekwe kwa daktari wa meno akiwa bado anaweza kupanda basi mwenyewe. Na akishindwa kufungua mdomo, au kumeza mate, au akivimba chini ya kidevu, jambo hilo halingojei kupambazuke, wala halingojei kikao cha ukoo.

Ukoo una kazi yake, nami ni mtu wa ukoo. Kazi hiyo ni kuchanga nauli, kutafuta wabebaji wa machela, na kukaa na mgonjwa hospitalini. Mambo ya nani alimwonea nani wivu yanaweza kusubiri. Mimi katika miaka yangu yote sijamwona mgonjwa aliyepona gego kwa kutajiwa adui yake.